Ukitaka Kukusanya Talwari, Anza na Kipini

Wengi wanaoanza kukusanya panga za kale za Kihindi hukimbilia dhahabu. Wanaona talwari, yaani upanga wa Kihindi uliopinda, yenye nakshi zinazong'aa, wanalipa, halafu ndipo wanauliza ni ya lini. Mimi nakushauri talwari yako ya kwanza iwe ya askari wa kawaida: kipini cha chuma kitupu, bapa lisilo na maandishi. Hiyo ndiyo itakayokufundisha kutazama, na hata ukipunjwa, hasara haitakuumiza sana.

Ishike kwanza. Kipini kitakubana, kidole cha mwisho kigote kwenye kisahani cha chuma kilichoko nyuma. Hapo wageni husema Wahindi wa zamani walikuwa na mikono midogo. Si hivyo; mkono unatakiwa ubanwe. Mara nyingi kidole cha shahada kilipitishwa mbele ya kikingio, kikakaa pale karibu na kipini ambapo upanga haujanolewa. Sasa nyoosha mkono uelekeze ncha mbele, kama unayetaka kuchoma. Kile kisahani kitakukandamiza kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa upanga huu ni wa kukata zaidi kuliko kuchoma. Nguvu ya talwari ilitoka begani na kwenye kiwiko, upanga ukivutwa huku unakata, na mkono wa kushoto ukikinga kwa ngao ya duara iitwayo dhal. Ukishaelewa hilo, kila alama ya kuchakaa kwenye kipini itakuwa na maana kwako.

Halafu kuna suala la makali. Kapteni Louis Nolan, afisa wa Kiingereza wa wapanda farasi, aliandika mwaka 1853 kuhusu wapanda farasi wa Nizam, mtawala wa Hyderabad huko India, na majeraha ya kutisha waliyowatia maadui zao. Alipochunguza panga zao, akakuta ni mabapa yaliyotupwa na jeshi la Uingereza lenyewe! Walikuwa wameyatia vipini vya Kihindi, wakayanoa yakawa wembe, wakayaweka kwenye ala za mbao, na hawakuyachomoa mpaka vitani. Waingereza walitumia ala za chuma, nazo huua makali. Kwa hiyo ukikuta bapa la Kiingereza kwenye kipini cha Kihindi, usiharakishe kusema limeghushiwa. Huenda ndio upanga wenye historia nzito kuliko yote mezani.

Kuhusu dhahabu, beba kioo cha kukuzia. Katika kazi iitwayo koftgari, fundi huchanja chuma mistari midogo inayopishana, kisha hugongea dhahabu juu yake ikashika. Dhahabu ya zamani ikilika, ile michanjo huonekana chini yake. Tazama pia vishimo vya kutu: dhahabu ikiwa imeingia mpaka ndani ya kishimo, basi imetiwa baada ya kutu kula chuma. Mafundi wa Udaipur, mji wa India, wanaifanya kazi hii hadi leo, tena vizuri mno, na wako wauzaji wanaoipachika umri. Jina la Asadullah wa Isfahan, fundi mashuhuri wa panga wa Uajemi, nalo lisikubabaishe. Limepigwa kwenye mabapa mengi ambayo fundi huyo hakuyagusa.

Feleji ya Kihindi, yaani chuma kigumu kilichoyeyushwa kwenye vyungu vya udongo, ina mawimbi membamba unayoyaona ukiinamisha bapa kwenye mwanga wa pembeni. Yakifichwa na uchafu, usiyatafute kwa msasa wala asidi. Mpe anayeijua kazi hiyo, au acha.

Kipini nacho hakikushikizwa kwa misumari. Ndani kina uwazi, na mkia wa bapa umezamishwa humo kwa lakiri iliyoyeyushwa. Usikioshe kwa maji ya moto, wala usiache upanga kwenye gari juani. Kikilegea kidogo, ni uzee tu. Gundi mpya ya dukani ikichungulia kwenye kiungo ndiyo ya kukutia wasiwasi: uliza nani amekifungua, na bapa la awali liko wapi.

Kabla hujalipa, uliza njia iliyopitia. Sheria ya India ya mwaka 1972 inamzuia mtu binafsi kutoa nje ya nchi vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Talwari nyingi zilizoko Ulaya zilitoka zamani, enzi za ukoloni. Muuzaji akikwambia yake imetoka Rajasthan, jimbo la India, juzi tu, ama si ya kale, ama imetoroshwa. Kwa vyovyote vile, usiinunue.