Dipoziti ya mteja si mshahara wako

Jumanne usiku kijana mmoja seremala wa Mbale aliniandikia: "Kaka, kazi yangu ni nzuri lakini wateja hawarudi. Nitafutaje wapya?" Nikamuuliza maswali mawili matatu. Katikati ya majibu akasema kuna mama anamdai kochi, wiki ya tatu sasa, na kwamba yeye mwenyewe ameizima ile laini ya simu anayoijua mama huyo. Usingizi ulinipaa. Mimi pia nimewahi kuzima laini.

Ilikuwa 2015, hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Karakana yangu ilikuwa na miaka miwili. Akaja mama mmoja mjane, muuza dagaa, amejenga nyumba ya vyumba viwili kidogo kidogo kwa miaka sita. Alitaka mlango wa mbele wa mvule pamoja na fremu yake. Tukaelewana shilingi 450,000. Akafungua fundo la leso, akahesabu 300,000 kwa noti za elfu moja na elfu mbili, zote zinanuka dagaa. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa ijayo njoo uchukue."

Pesa zile hazikununua mvule. Siku hiyo hiyo zilinunua mbao za kitanda cha mtu mwingine, ambaye dipoziti yake nilikuwa nimeilipia kodi ya karakana. Mafundi wenzangu mnaujua mnyororo huu. Unamaliza kazi ya wa kwanza kwa pesa za wa pili, ya wa pili kwa pesa za wa tatu, na siku wa nne asipotokea, wote wako mlangoni kwako. Na moyoni sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiona fundi mwenye kazi nyingi.

Ijumaa ilipofika nikasema mbao hazijakauka. Ijumaa ya pili nikasingizia umeme. Ya tatu nikazima simu. Wakati huo mama alikuwa ameshahamia, maana kodi ya chumba alichopanga ilikuwa imekwisha, na pale penye mlango alitundika turubai. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua kila siku. Usiku mmoja wezi waliingia wakabeba magunia mawili ya dagaa. Huo ndio ulikuwa mtaji wake.

Asubuhi alikuja karakana. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye rundo la maranda karibu na benchi langu, akasema, "Mwanangu, nitasubiri hapa." Akakaa mpaka jua likazama. Wateja waliingia, wakamwona, wakatoka. Kesho yake niliuza randa yangu ya umeme, nikanunua mvule mkavu, nikautengeneza mlango ule kwa mkono kwa siku nne. Nilipomaliza kuufunga, alinipa 150,000 iliyobaki. Nilikataa. Akaziweka kwenye sanduku langu la vyombo, akasema, "Tulielewana." Baadaye nikasikia alizikopa kwenye kikundi chao cha akina mama. Gunia moja la dagaa nilililipa kwa awamu. La pili hakutaka nilitaje tena. Na hajawahi kuniletea mteja hata mmoja mpaka leo. Hilo bado linaniuma, na ni haki yake.

Baada ya hapo nilibadilisha jambo moja tu, na ndilo nililomwandikia kijana wa Mbale. Dipoziti ikiingia mchana, mbao zinunuliwe kabla ya jioni, na jina la mteja liandikwe kwa chaki kwenye ubao wenyewe. Wanafunzi wangu watano wanajua kwamba ubao wenye jina haukatwi kwa kazi nyingine, hata kipande cha kuziba pengo. Chakula changu kinatoka kwenye malipo ya mwisho. Miezi ya mwanzo nililala njaa, sitakudanganya.

Jambo la pili linafuata hilo hilo: mwambie mteja ukweli wa mti kabla hajatoa pesa. Mkaratusi uliopakwa rangi ya mvule utakusema wenyewe. Ukiwa mbichi, ndani ya miezi michache mlango unapinda, kitasa hakishiki, na ncha za mbao zinapasuka. Kama mteja hana pesa ya mvule, mtengenezee wa mkaratusi na umwambie ni mkaratusi, lakini upange mbao kivulini zikauke, vijiti kati ya ubao na ubao, ncha umezipaka rangi ya zamani. Ukimwambia utachelewa, mwambie kwa nini, tena umpigie wewe kabla yeye hajakupigia.

Vijana wananiambia ukweli hauleti chakula. Mji wetu ni wa mpakani. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu hapa. Mteja akichoka na uongo wangu, kwa miguu tu anavuka na kumpata fundi wa Busia ya Kenya. Leo wapo wa kule wanaovuka kuja kwangu, na wengine wanatoka Tororo. Bei yangu si ya chini. Ninajivunia hilo, sioni aibu kulisema.

Kijana, umeniuliza utafutaje wateja wapya. Mmoja unaye tayari. Washa laini ile leo, umpigie yule mama wa kochi, umweleze pesa zake zilikwenda wapi. Atakutukana. Msikilize mpaka amalize, halafu umtajie siku.