Kaunta yangu inarukaruka, shida nini?

SWALI: Kaka mambo vipi, niko Mtwara mjini, nina kisaiti changu cha bei za korosho kwenye Apache (programu ya seva ya wavuti), Ubuntu, nikaandika modyuli kwa C ihesabu wanaofungua. Sasa nikirifreshi inasoma 40, mara 12, mara 41, na asubuhi nakuta imeanza sifuri wakati seva sijaizima. Namba nimeiweka static kabisa, yaani isifutike kati ya ombi na ombi!

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo static ni ya prosesi moja tu. Apache inazaa watoto kadhaa na kila mtoto ana memori yake, ni kama makarani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wanaopima korosho kila mtu na daftari lake, ombi lako likiangukia kwa huyu unasoma 40, kwa yule 12.

Omba memori ya pamoja kwa apr_shm_create ndani ya post_config (hatua ya Apache ikishasoma config), hapo mzazi bado hajazaa, kwa hiyo watoto wanairithi. Ukiombea kwenye child_init, hatua ya kila mtoto akishazaliwa, umerudi kulekule. Ila kuna mtego: Apache ikiwaka inapita post_config mara mbili, ile ya kwanza ni kukagua tu kisha vyote vinafutwa, basi uliza ap_state_query(AP_SQ_MAIN_STATE), ikijibu AP_SQ_MS_CREATE_PRE_CONFIG we rudisha OK usepe.

Halafu wengi wanadhani ++ ni tendo moja, kumbe ni kusoma, kuongeza, kuandika, na watoto wawili wakigongana hapo mgeni mmoja kapotea. Kwa namba moja tupu apr_atomic_inc32, inayoongeza kwa tendo moja lisilokatika, inatosha, mi ningeishia hapo. Ukija kuweka na bei zenyewe ndo utataka apr_global_mutex (kufuli la pamoja, anaingia mmoja mmoja), na kila mtoto aifungue kwa apr_global_mutex_child_init. Poinita za memori ya mtoto usiweke humo kabisa, kwa mwenzake hazina maana.

Hiyo sifuri ya asubuhi mi namshuku logrotate, programu ya kuzungusha faili za logi. Usiku akizungusha logi anaireload Apache, watoto wapya wanazaliwa na static yako inaanza upya. Hata memori ya pamoja haiponi: pconf (hifadhi ya memori ya config) inafutwa, na memori uliyoifunga kwenye pconf inaondoka nayo. Kwa hiyo kila baada ya muda andika namba kwenye faili, na post_config ianze kwa kuisoma, hata umeme ukikatika utapoteza kidogo tu. Faili liweke kwenye folda ambayo www-data (mtumiaji anayeendesha watoto) anaruhusiwa kuandika, maana post_config inaendeshwa na root lakini watoto sio root, ukisahau hilo, faili litasomeka vizuri tu ila halitaandikwa kitu.