Jibu: Dengu kunyauka Igunga

Pole sana mkuu, umeuliza kwa nini dengu zako huko Igunga zinanyauka. Dengu kunyauka kwa mafungu huku mbuga (shamba la udongo mweusi wa mfinyanzi) bado ina unyevu, huo si ukame. Ng'oa mche ulioanza kulegea, pasua shina kwa urefu. Ukikuta ndani pana rangi ya kahawia au nyeusi na mizizi haijaoza, huo ni mnyauko wa fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kuvu wake hustawi udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na huweza kuishi ardhini miaka 6 bila dengu. Usipoteze hela kupuliza dawa sasa, kuvu wameshaingia kwenye mishipa ya mmea. Mbegu za shamba hilo usizihifadhi kabisa, zinaambukiza! Hapo panda mtama, tena si msimu mmoja tu. Mbegu za dengu zinazostahimili mnyauko huu waulize TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, Mwanza.