Kompyuta "inashiriki" intaneti au "inagawa"?

Swali: Mwalimu, hujambo? Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Kondele, Kisumu. Nimeunda hotspoti kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo, nikitumia programu za hostapd (ya kurusha waifai) na dnsmasq (ya kuzipa simu anwani): intaneti inaingia kwa kebo, inatoka kwa waifai. Mlangoni nimebandika, "Kompyuta hii inashiriki intaneti na simu." Fundi mwenzangu anasema nimekosea, niandike "inagawa". Neno lenyewe nimelitoa kwenye simu! Tena simu za wateja zinashika waifai, lakini kurasa hazifunguki.

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Mwenzako amesema kweli, na hitilafu uliyo nayo ni shahidi wake.

Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Tunashiriki mazishi, harambee, uchaguzi. Asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na shirika, ushirika na mshirika. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu, alfajiri mashua zikirudi. Wale wavuvi wameshiriki uvuvi usiku kucha. Wakifika ufuoni, wanagawana samaki. Mmoja akimpa jirani yake ngege wawili, amemgawia. Ukisema "ameshiriki ngege na jirani", nitaelewa kwamba wameketi pamoja, wote mikono imo kwenye sahani moja.

Waliotafsiri programu za simu walikuta kitenzi kimoja cha Kiingereza, "share", kinachobeba yote mawili, nao wakatupa neno lisilofaa. Linaniuma, maana ukoo mzima tunao: kompyuta inagawa intaneti, inamgawia mteja, wateja wanagawana, na wakizidi, kasi inagawanyika. Hata "nirushie hotspoti" ya vijana naikubali. Ndani yake yumo anayetoa na anayepokea.

Sasa itazame kompyuta yako. Ukiiwekea skrini, yenyewe inafungua kurasa? Basi inashiriki katika intaneti, ila haigawi. Simu imepewa anwani, tuseme 192.168.4.10, lakini anwani za aina hiyo ni za ndani tu. Huko nje hazina njia. Na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yako, kwa kawaida haipitishi data ya wengine kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka uiruhusu: mpangilio wa net.ipv4.ip_forward huwa 0. Iweke 1. Kisha ongeza kanuni ya masquerade upande wa kebo, eth0, ili simu zote zitoke kwa anwani ya kompyuta. Hifadhi mipangilio yote miwili, la sivyo stima ikipotea itafutika na utaanza upya. Kama baada ya hapo simu inafikia 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, lakini majina ya tovuti hayafunguki, kagua DNS, yaani huduma ya kubadili majina kuwa anwani, kwenye dnsmasq.

Tangazo liandike hivi: "Kompyuta hii inazigawia simu intaneti." Ila libandike baada ya simu ya mteja mmoja kufungua ukurasa.