Barua kwa mwanangu: mwimbie mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba mjukuu wangu amekwisha kukaza shingo. Umeniuliza iwapo ununue kile kisanduku cha muziki ambacho wauzaji wake wanadai kuwa kikimpigia mtoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, kila usiku atakuwa na akili nyingi, na iwapo kuna umri ambao mtoto akiupita bila kufundishwa muziki huwa amechelewa.

La kisanduku ni jepesi. Habari hizo zilianzia Marekani mwaka 1993, pale watafiti walipowapigia wanafunzi wa chuo kikuu kipande kimoja cha muziki wa Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kuwazia maumbo. Wanafunzi waliyajibu vizuri zaidi, lakini faida hiyo haikudumu zaidi ya kama robo saa, wala hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja katika jaribio lile. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apelekewe muziki wa namna hiyo nyumbani, na wafanyabiashara hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Usikinunue.

Hilo la umri ndilo lililonikalisha mezani. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na anapozaliwa huwa tayari anaitambua sauti ya mama yake, kwa hiyo wewe umekwisha kumwanzishia muziki bila kujua. Tena yeye hasikii kwa masikio peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watoto wa miezi 7 walisikilizishwa mdundo usio na mkazo popote, huku baadhi yao wakirushwarushwa mikononi katika kila pigo la pili na wengine katika kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo uleule ambao miili yao iliuzoea. Wale waliotazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakupata kitu. Sasa niambie, kisanduku kilichowekwa juu ya kabati kitamrusha nani?

Mwaka huohuo watafiti wengine waligundua kwamba watoto wa miezi 6 huweza kutambua kasoro hata katika midundo migeni kabisa kwao, ilhali wa miezi 12 huwa wamekwisha kuegemea midundo ya kwao. Lakini hao wa miezi 12 waliposikilizishwa muziki huo mgeni nyumbani kwa muda mfupi tu, uwezo wao ulirudi, jambo ambalo watu wazima hawakuliweza. Kwa hiyo mapema ni bora, ila mlango haufungwi kwa kishindo.

Kuhusu akili za darasani sitakudanganya. Utafiti wa mwaka 2004 uliofanywa kwa watoto 144 wa miaka 6 ulionyesha kwamba waliofundishwa muziki waliwazidi wenzao kidogo katika vipimo vya akili, lakini waliofuata kuuchunguza mwujiza huo hawakukubaliana. Mimi naona faida ipo kwingine, hasa katika lugha, kwa sababu anayeimba huvuta silabi na kuzitenga, na mtoto husikia neno linavyojengwa kipande kwa kipande. Ulipokuwa na mwaka na nusu, nilikuwa nikikuimbia wimbo wako wa kubembelezea kisha nanyamaza kabla ya neno la mwisho. Ulikodoa macho, mdomo wazi, mguu mmoja ukipiga godoro, na siku moja ukalitoa wewe mwenyewe lile neno, nusu yake, lakini mahali pake hasa.

Mwalimu wa kinanda asubiri. Kaka yako tulimpeleka akiwa na miaka 4, kwa mwalimu aliyekuwa akimgonga vidole kwa rula kila alipokosea, nasi tukidhani huo ndio ukali unaofaa. Siku za somo alikuwa akijificha uvunguni mwa kitanda, na hadi leo hagusi kinanda. Kosa lile ni letu wazazi pia, na bado linaniuma.

Unasema sauti yako mbaya. Mtoto hana habari hiyo. Imba polepole, mrushe kidogo kwa mapigo, umwachie kimya mahali pa neno la mwisho, na redio isiwe inanguruma siku nzima, kwa maana kelele zisizokoma humchosha na kumziba asikusikie. Maneno ya wimbo wako nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, isipokuwa ubeti wa pili, ambao niliubuni usiku mmoja ulipokataa kulala na kila nikijaribu kuuandika unanikimbia. Nipigie simu jioni, nitaukumbuka nikiuimba.

Mama yako