Viroba 12 vyenye majani ya njano: kabla hujanunua mbolea

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Naishi Kigamboni, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo kwa nyuma. Maisha yamepanda, nikaamua kulima mboga zangu mwenyewe. Tangu Novemba nina viroba 12 vya mchele nilivyojaza udongo wa hapahapa na samadi kidogo ya kuku. Nimepanda nyanya, sukuma wiki na mchicha. Namwagilia maji ya kisima, ambayo ni ya chumvi chumvi. Umeme ukikatika pampu haifanyi kazi, basi siku mbili tatu vinakaa bila maji, au nanunua maji baridi (yasiyo na chumvi) ya mkokoteni, ndoo shilingi 300. Sasa majani yamekuwa ya njano, mengine yanaungua pembeni, na nyanya zinaoza kitako zikiwa bado mbichi. Jirani alinishauri urea, nikawa natia kijiko cha chakula kila kiroba kila wiki, na majivu ya mkaa kwa ajili ya wadudu. Hali imezidi kuwa mbaya. Ninunue mbolea gani? Maganda ya mayai yanasaidia nyanya kweli? Halafu mume wangu anasema napoteza hela, bora niendelee kununua mboga sokoni mafungu mawili ya 500 kwa siku kama zamani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, mbolea usinunue. Hata hiyo urea uliyonayo ifunge uiweke kabatini, na majivu yabaki jikoni. Neno "chumvi" umelitaja mara moja tu, tena kwa kupita, lakini mimi naona shida yako yote inaanzia hapo.

Majani ya njano yana sababu nyingi, na sisi tunachoangalia kwanza ni njano imeanzia wapi. Mmea ukipungukiwa naitrojeni, ambayo ndiyo iliyomo kwenye urea, huanza na majani ya chini yaliyozeeka, na jani lote hupauka sawasawa, kwa sababu mmea huyanyonya majani ya zamani ili kulisha machanga. Ukiona majani machanga ya juu ndiyo ya njano ila mishipa yake bado ni ya kijani, mmea haupati madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila majivu yamezidi na mizizi inashindwa kukichukua. Kiroba kinachotuamisha maji hupata njano kila mahali, na ukichimba kidogo kwa kidole unasikia harufu ya kuoza. Ila huko kuungua pembeni, ukingo wa jani kukauka na kuwa wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, hiyo ni saini ya chumvi. Mbolea ikizidi nayo huacha alama hiyohiyo. Wewe umeweka vyote viwili, na majivu juu yake.

Toka nje sasa hivi ukaangalie uso wa udongo na ubavu wa viroba. Ukikuta ukoko mweupe, basi jibu unalo.

Shambani mvua ikinyesha, chumvi huzama chini mbali na mizizi. Kwenye kiroba mambo ni mengine. Maji unayotia mengi yanapanda hewani kwa jua la Februari, mengine yanapitia kwenye majani, lakini chumvi haina pa kwenda. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni: uliutia chumvi ya kawaida, ukaendelea kuchemka, ukipakua hauliki. Maji ya kisima unayoona yana chumvi kidogo tu mdomoni, baada ya miezi mitatu yamefanya udongo uwe na chumvi nyingi kuliko kisima chenyewe.

Kama bado una shaka, fanya jaribio ambalo halina gharama. Chukua makopo mawili, toboa chini, jaza udongo ambao haujawahi kumwagiliwa, panda punje nne nne za maharage. Kopo moja limwagilie maji ya kisima, jingine maji baridi. Maharage hayana uvumilivu wowote wa chumvi. Ndani ya wiki mbili tatu utaona tofauti kwa macho, na utakuwa umeipima bila maabara.

Matibabu ni kuosha udongo. Ninyanyulie kwanza viroba kutoka ardhini. Viweke juu ya matofali au mawe, na kama havina matundu chini, toboa. (Kiroba kilicholowa kina uzito wa mtu mzima, kwa hiyo usikinyanyue peke yako.) Kisha mimina maji baridi taratibu, pumzika, mimina tena, mpaka maji yaliyopita yakaribie wingi wa udongo wenyewe. Kiroba cha mchele cha kilo 50 kinabeba udongo wa kama lita 60, yaani ndoo tatu. Kiasi hicho kinaondoa sehemu kubwa ya chumvi. Hata hivyo nisingekushauri uvioshe vyote 12 kwa maji ya kununua. Osha vinne au vitano utakavyovitumia sasa, vilivyobaki viache wazi, masika ikianza mwezi wa tatu mvua itavioshea bure. Baada ya hapo, kila ukimwagilia hakikisha maji kidogo yanachuruzika chini. Watu wengi wanaogopa kuona maji yakitoka, wanadhani wanapoteza, kumbe hayo machache ndiyo yanayobeba chumvi kwenda nje.

Ikibidi utumie maji ya kisima, yachanganye nusu kwa nusu na maji baridi, na uyamwage kwenye udongo, kamwe si juu ya majani.

Sasa nyanya. Kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza, hakuna mdudu wala ukungu ulioanzisha, kwa hiyo dawa yoyote ya kupulizia utakayouziwa dukani ni hela ya bure kwa muuzaji. Ni tunda limekosa kalisiamu wakati linakua. Kalisiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji tu. Maji yakisimama siku mbili, nayo inasimama, na ncha ya tunda, ambayo ndiyo ya mwisho kufikiwa, inakufa. Wewe unamwagilia, umeme unakatika, viroba vinakauka, unarudi unafurikisha. Chumvi inauzuia mzizi kunywa. Na urea nyingi hugeuka amonia udongoni, ambayo inashindana na kalisiamu mlangoni mwa mzizi. Ukitaka kutengeneza nyanya za kuoza kitako kwa makusudi, ungefanya hivyohivyo.

Maganda ya mayai yana kalisiamu, na hayadhuru. Lakini ganda huchukua muda mrefu sana kuoza, nyanya ya msimu huu haitaonja kitu. Yasage uyatie kwenye mboji kama unapenda.

Nikiri jambo hapa. Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja alinionyesha spinachi zenye kingo zilizoungua, nikamwambia kwa kujiamini kabisa "ongeza urea". Akaongeza. Wiki mbili baadaye hakukuwa na spinachi. Sikumwuliza maji anatoa wapi. Tangu siku hiyo mtu akiniletea jani, swali langu la kwanza ni maji.

Turudi kwa mume wako, maana hesabu yake si ya kubeza. Kwa jua hili kiroba kimoja kinataka kama lita 5 kwa siku. Viroba 12 ni lita 60, ndoo tatu. Ukinunua zote ni shilingi 900 kwa siku, 27,000 kwa mwezi. Mboga za sokoni zinakugharimu 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Umehangaika mwezi mzima kwa faida ya 3,000, kabla hatujahesabu urea, na nusu ya nyanya umetupa. Kwa viroba 12 vya maji ya kununua, mume wako yuko sahihi. Usimwambie nimesema hivyo mpaka umalize kusoma.

Kosa liko kwenye idadi ya viroba na uchaguzi wa mimea. Bustani ya kubana matumizi haianzi na kitu unachokipenda, inaanza na kinachorudisha haraka kwa maji machache. Nyanya inakaa zaidi ya miezi miwili kabla ya tunda la kwanza, inataka maji ya kila siku bila kukosa, na msimu wake ukifika sokoni inauzwa kwa bei ya kutupa. Iache. Sukuma wiki inapenda ubaridi. Kwa Dar es Salaam ipande kuanzia Mei mpaka Septemba, si sasa. Mchicha ni wa kwetu, unafurahia joto, na wiki tatu mpaka nne tangu kusia mbegu unaanza kula. Usiung'oe: ukate ukibakiza shina la kiganja kimoja, utachipua tena. Acha shina moja lizeeke litoe mbegu, utapata maelfu, hutanunua pakiti tena. Spinachi, ile yenye bua jeupe pana, ni ya ukoo wa bitiruti, na ukoo huo unavumilia chumvi kuliko mboga karibu zote tunazokula, kwa hiyo kiroba ambacho lazima kipate maji ya kisima kipe spinachi. Matembele omba kwa jirani vikonyo vya urefu wa dhiraa moja hivi, zika nusu yake. Hayahitaji mbegu, na ukiyachuma ncha yanazidi kutanua. Na kama mwenye nyumba hana neno, chomeka mti mmoja wa mlonge kwenye kona ya uzio.

Viroba vitano vya namna hiyo vinataka lita 25 kwa siku. Kati ya hizo, lita kumi hivi tayari unazimwaga: maji ya kusuuzia mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharage. (Kama bado huloweki maharage usiku kucha, anza leo, yanaiva haraka na mkaa unabaki.) Maji ya sabuni ya unga usiyatie, yana sodiamu, utakuwa umerudisha chumvi kwa mlango wa nyuma. Kilichobaki ni pungufu ya ndoo moja: tuseme 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi. Ukichuma kwa zamu, kiroba hiki leo na kile kesho, ukishazoea unaweza kupata fungu moja kwa siku, yaani 15,000 kwa mwezi. Faida ni 6,000, wakati wa kiangazi kabisa. Si utajiri. Lakini kipindi cha mvua hiyo 9,000 ya maji inafutika karibu yote.

Kwa mvua, kumbuka kipimo kimoja tu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10, ambayo masika ni mvua ya kawaida ya siku moja, limekupa lita 400, ukitoa zinazopotea. Hata kama huna simtanki, pipa moja na kipande cha bati lililokunjwa kuwa mfereji ni mwanzo. Maji ya dakika za kwanza yaache yapite, yameosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Jambo la mwisho ni udongo wenyewe. Kigamboni ni mchanga, hauhifadhi maji wala chakula. Unapojaza upya, weka madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza vizuri, isiyo na joto wala harufu kali. Ya kuku mbichi huunguza. Ongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yanashika maji kama sponji, na wauza nazi huwa wanayatupa. Ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyozikwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa maji ya bahari, hayo usiyaguse. Hata mabichi yaloweke siku mbili kwenye maji baridi na kuyamwaga maji hayo. Katikati ya kiroba simamisha kopo refu lililokatwa juu na chini, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu, jaza tena, mpaka upate nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji yatapita humo na kufika kila mahali, na ubavuni unaweza kutoboa matundu ukapandikiza miche mingine. Ndivyo wanavyofanya Kibera, Nairobi, ambako bustani za magunia zilienea sana baada ya vurugu za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, chakula kilipokuwa hakipatikani. Juu funika kwa majani makavu. Kiroba chenyewe kitachakaa kwa jua ndani ya mwaka. Kikianza kumeguka nyuzi, badilisha kabla vipande havijachanganyika na udongo.

Na ile urea: hewa ya Pwani ina unyevu, itageuka uji ukiiacha wazi, kwa hiyo itie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Udongo ukishaoshwa na mchicha umekatwa mara ya kwanza, ndipo uchukue kijiko kimoja cha chai, koroga kwenye lita 5 za maji, na umwagilie shinani mara moja kila baada ya wiki mbili.