Mababu zako hawakumeza vidonge, mwanangu

*Shangazi, mke wangu ana mimba ya nne ilhali tulikubaliana watoto watatu wanatosha. Nimekuta pakiti yake ya vidonge vya majira ina vidonge vitatu vyeupe ambavyo hakumeza. Nimesoma kwamba, kwa mujibu wa saikolojia ya mageuzi, elimu inayoeleza tabia zetu kwa yale tuliyorithi kutoka kwa mababu wa kale, akili ya mwanamke humsukuma kuzaa bila yeye kujua, ndiyo maana "husahau". Je, nimsamehe kwa kuwa ni maumbile, au nimwajibishe? Mwezi juzi mtoto wetu mdogo alilazwa siku tatu kwa malaria, mama yake akalala naye huko, na gharama zile bado zinanielemea. Baba Watatu, Morogoro.*

Pole kwa gharama, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo, kwa maana barua yako imejijibu yenyewe katika sentensi ya mwisho nawe hukuona. Vidonge vitatu, na siku tatu wodini. Mama aliyetoka usiku amembeba mtoto anayechemka mwili, mkononi ana khanga na kadi ya kliniki, hakumbuki pakiti iliyobaki kwenye droo; wewe uliyebaki nyumbani na pakiti hiyo, ukapeleka uji asubuhi (kama ulipeleka), hukukumbuka kuitia mfukoni. Mababu wanaingiaje hapo?

Hata hiyo nadharia umeisoma nusu. Wanaoitetea kwa uangalifu husema kwamba uteuzi wa asili, yaani sifa zinazosaidia kuishi na kuzaa kurithiwa zaidi kizazi hadi kizazi, ulitupa hamu ya tendo la ndoa na huruma kwa mtoto akishazaliwa, na viwili hivyo vilitosha kuijaza dunia muda mrefu kabla kidonge cha uzazi wa mpango hakijaidhinishwa Marekani mwaka 1960. Tangu hapo vimepita vizazi viwili au vitatu tu, muda usiotosha kuunda silika ya kusahau kidonge. Tena, maelezo yanayosema kwamba mke akikumbuka ni utashi wake na akisahau ni maumbile hayawezi kukosea kamwe, kwa hiyo hayaelezi kitu. Watu husahau dawa za presha kila siku, wala sijasikia mtu akidai kwamba mababu zetu walitamani kiharusi.

Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge mwaka mzima bila kukosea hata siku moja, hafiki hata mmoja anayeshika mimba. Katika maisha haya tunayoishi, yenye safari, kuhara na watoto wanaolazwa, hushika mimba takriban 7. Sikatai kwamba wapo wenye nafsi mbili, nusu wanataka mtoto na nusu hawataki, ambao huzembea. Lakini hao wamo miongoni mwa wanawake na wanaume pia, nao hujulikana kwa kuulizwa, si kwa kukaguliwa pakiti.

Sasa tuje kwako. Anayeruka vidonge siku mbili au zaidi hutakiwa kutumia kondomu hadi ameze vidonge siku 7 mfululizo. Barua yako yote haina neno kondomu. Kama maumbile yanamsamehe mume asiyejikinga, yamsamehe na mke aliyesahau. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nao hawakuhitaji elimu ya mageuzi kumfahamu nyani. Wanaume wa siku hizi mmekuwa hodari wa kutafuta kwenye simu ushahidi wa kuwatia hatiani wake zenu, ilhali maelezo yaliyomo ndani ya boksi la dawa hamjayafungua.

Mwombe radhi mama watoto leo hii. Kisha nenda naye kliniki ya wajawazito, muulize muuguzi, mkiwa wote wawili, kuhusu kitanzi, ambacho huweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, na kijiti cha mkononi kinachokaa miaka kadhaa, kwa kuwa hivyo havihitaji kukumbukwa kila usiku. Uliza na kuhusu kufungwa mirija wewe mwenyewe: ni upasuaji mdogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na unaendelea kujikinga kwa takriban miezi mitatu hadi kipimo kionyeshe kwamba mbegu zimekwisha. Ukianza kutoka jasho kwa kulisikia hilo, isome tena barua yako.